AFYA YA NYUMBANI: Maumivu ya Nyonga na Kinena

Mwezi huu nataka kunena habari za maumivu ambayo watu wengi wanayo, walakini wachache huyataja, kwa sababu ya mahali yalipo. Ni maumivu ya nyonga na ya kinena. Mtu akiumwa na jino humwambia kila amkutaye. Akiumwa na goti hulifunga kitambaa mbele ya watu. Bali akiumwa na kinena hunyamaza, au humnong'oneza rafiki mmoja, na rafiki huyo humpa dawa ya ngiri. Wahenga walisema, Mficha maradhi, kifo humuumbua. Maumivu haya kwa kawaida hayaui, lakini yaweza kumnyang'anya mtu kazi yake, mali yake na amani ya nyumba yake. Nimeyaona hayo kwa macho yangu, nami nitawasimulia.

Yuko kijana mmoja, mwalimu wa darasa la nne, jina lake silitaji. Kila jioni alicheza mpira na wanafunzi wake. Siku moja alipiga mpira kwa nguvu, akasikia kitu kikimvuta ndani ya paja, juu kabisa, karibu na mfupa wa kinena. Hakuanguka, wala hakuacha kucheza. Lakini asubuhi yake hakuweza kupanda baiskeli bila kukunja uso. Akasema moyoni, "Yatapita." Hayakupita. Mwezi ulipokwisha alikwenda kwa mzee mmoja ajulikanaye kwa dawa.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mbona wachechemea?"

"Naumwa, Mzee, lakini mahali penyewe naona haya kupataja."

"Basi usipataje. Hiyo ni ngiri. Hata marehemu baba yako alikuwa nayo."

Akapewa mizizi ya kuchemsha, akainywa wiki tatu. Mtu wa pili akamchanja chale. Mtu wa tatu akamwambia alale tu, asifanye lolote. Naye akalala likizo nzima. Maumivu yakatulia, akafurahi. Lakini siku ya kwanza aliporudi uwanjani yakamrudia, tena makali kuliko mwanzo. Akaenda mjini akapigwa eksirei, akaambiwa, "Mifupa yako ni mizima, huna kitu." Neno hilo lilimwumiza kuliko mguu, maana alidhani wamemwona mwongo.

Kijana huyu alikuwa na ng'ombe wawili aliowaweka kwa ajili ya mahari. Akamwuza mmoja, akasafiri mpaka mji mkubwa, akapigwa picha ile iitwayo MRI, ionyeshayo nyama na gegedu pamoja na mifupa. Akarudi na karatasi iliyosema ya kuwa ukingo wa gegedu ndani ya nyonga umechanika kidogo. Basi neno hilo "umechanika" likamkaa moyoni mchana na usiku. Tangu siku ile alitembea kwa hofu, kama mtu avukaye mto juu ya gogo bovu. Aliacha mpira, akaacha baiskeli, akaacha jembe. Wazee wa mchumba wake wakaanza kuulizana kama mtu huyu ataweza kulisha nyumba.

Mwisho wa habari yake nitausema baadaye. Kwanza yatupasa kujua nyonga ni kitu gani, na kinena huumwa kwa sababu zipi.

Nyonga ni kiungo kilichofanyizwa mfano wa mchi na kinu. Kichwa cha mfupa wa paja ni cha mviringo, nacho kimeingia katika shimo la mfupa wa nyonga. Ila mchi huu hugeuka pande zote, ndiyo maana twaweza kutembea, kuchuchumaa, kupanda ngazi na kupiga magoti. Mifupa hii miwili imefunikwa na gegedu laini, isisagane. Mdomo wa shimo umezungushiwa ukingo wa gegedu ngumu kidogo, kama ukingo uliosukwa mdomoni mwa kikapu. Nje ya kiungo kuna misuli mikubwa: ya matako kwa nyuma, ya tumbo kwa juu, ya kuinua paja kwa mbele, na ile ya ndani ya paja, ambayo kano zake zimeshikamana na mfupa wa kinena. Kiungo hiki hubeba uzito wetu wote. Wasomaji wa kitabu cha Mwanzo wamkumbuka Yakobo, aliyeguswa hapo tu akaenda akichechemea.

Wazee wengi huumwa nyonga kwa sababu gegedu imelika kwa miaka mingi. Huo ni ugonjwa mwingine, wala leo siuelezi. Nasema habari za watu ambao gegedu yao haijalika, na mara nyingi ni vijana au watu wa umri wa katikati, nao huumwa vilevile.

Zamani kila mganga aliyaita maumivu ya kinena kwa jina lake, hata wagonjwa wakachanganyikiwa. Mwaka 2014 wataalamu 24 kutoka nchi 14 walikutana Doha, katika nchi ya Katari, wakapatana majina. Walisema kuwa maumivu ya kinena ya wachezaji yaweza kutoka mahali pane: katika misuli ya ndani ya paja, katika msuli unaoinua paja mbele, katika mfereji wa kinena, au katika mfupa wa kinena wenyewe. Mbali na hayo, yako maumivu yatokayo ndani ya kiungo cha nyonga, na yako yatokayo kwa maradhi mengine. Tena walipatana ya kuwa mahali hapo hujulikana kwanza kwa kumwuliza mgonjwa na kumshika kwa mikono, kubonyeza hapa na pale, na kumwambia abane au ainue mguu huku akizuiwa. Basi mgonjwa aonaye haya kuonyesha mahali pamwumapo humfunga mikono tabibu wake.

Ziko dalili ambazo hata sisi nyumbani twaweza kuzitazama. Mwenye maumivu ya misuli ya ndani ya paja huumwa akibana magoti pamoja, au akipiga mpira kwa upande wa ndani wa mguu, naye huweza kuweka kidole kimoja mahali penyewe. Mwenye maumivu ya kiungo chenyewe huumwa ndani zaidi. Ukimwuliza ni wapi, huishika nyonga kwa kiganja kizima, kidole gumba nyuma na vidole vingine mbele. Huyu huumwa akikaa sana kwenye kigoda kifupi, akichuchumaa, au akiinama kuvaa kiatu, na pengine husikia kitu kikialika ndani. Mara nyingine sababu ni umbo la mifupa: kichwa cha paja si mviringo barabara, au shimo lina mdomo uliozidi, basi mtu akikunja sana mguu mifupa hukutana kabla ya wakati wake.

Na ngiri je? Ngiri ya kweli ni utumbo au mafuta ya tumbo kutokeza mahali palipo dhaifu penye kinena. Kwa kawaida huonekana uvimbe mtu akikohoa au akiinua mzigo, na uvimbe hurudi ndani akilala. Ugonjwa huo upo, na dawa yake ni kupasuliwa, siyo mizizi. Lakini asiye na uvimbe asikubali upesi jina la ngiri; na apimwe.

Sasa nirudi kwenye ile karatasi ya picha, maana imewatia hofu wengi. Mwaka 2012 waganga wa Marekani walitoa habari za watu 45 ambao hawakuwa na maumivu yo yote ya nyonga. Waliwapiga picha ya MRI, wakaona ya kuwa katika kila 100 watu 69 walikuwa na ukingo uliochanika. Fikirini, ndugu zangu: watu wazima wenye afya, watembeao na kukimbia, na ukingo wao umechanika, wala hawajui. Kwa hiyo mwaka 2016, katika mapatano yaliyofanywa Warwick, Uingereza, wataalamu walisema wazi kuwa ugonjwa wa mifupa ya nyonga kukutana hautajwi kwa picha peke yake. Sharti mambo matatu yawe pamoja: maumivu ya mgonjwa mwenyewe, dalili aonazo tabibu kwa kumshika, na picha. Picha ina kazi yake, lakini si hakimu peke yake.

Je, dawa ni nini? Hapa ndipo penye neno langu la mwezi huu, nami naomba lishikwe: misuli na kano zilizo dhaifu hupona kwa kazi iliyopimwa. Kulala tu hakuziponyi, na kusuguliwa tu hakuziponyi.

Neno hili lilijaribiwa Denmaki. Mwaka 1999 tabibu Per Hölmich na wenzake walitangaza habari za wachezaji 68, wanaume, ambao kano za ndani ya paja zao zilikuwa zikiwauma kwa muda mrefu. Waliwagawanya kwa kura mafungu mawili. Fungu moja lilitendewa: walisuguliwa, wakanyoshwa misuli, wakawekewa mwanga wa leza na umeme mdogo. Fungu la pili lilifanya kazi lenyewe: mazoezi ya kuitia nguvu misuli ya paja, tumbo na kiuno, mara tatu kwa wiki, kwa wiki 8 hadi 12. Watu 59 walimaliza. Katika wale waliofanya mazoezi, 23 walipona kabisa wakarudi mchezoni bila maumivu. Katika wale waliotendewa tu, walipona 4. Walipotafutwa tena baada ya miaka 8 hadi 12, faida ya mazoezi ilionekana bado.

Lakini angalieni jambo moja. Hawakupona kwa wiki mbili. Tangu kuanza mpaka kurudi mchezoni ilipita miezi minne na zaidi kwa wengi wao. Mbio za polepole zilikatazwa mpaka wiki ya sita ipite. Sisi twataka dawa ya leo ipone leo. Kano haijui haraka hiyo. Haba na haba hujaza kibaba.

Nao wenye ugonjwa wa kiungo chenyewe? Mwaka 2018 waganga wa Uingereza walitoa habari za watu 348 katika hospitali 23, wote wenye mifupa ya nyonga inayokutana. Nusu yao walipasuliwa kwa tundu dogo, na nusu walifundishwa na tabibu wa viungo, mara 6 hadi 10, mazoezi yampasayo kila mmoja. Baada ya mwaka walipimwa kwa kipimo ambacho 100 ni nyonga isiyo na shida. Waliopasuliwa walipanda kutoka 39 hadi 59. Waliofanya mazoezi walipanda kutoka 36 hadi 50. Nasema kweli yote, sifichi: waliopasuliwa walipata nafuu zaidi kidogo, na gharama yao ilikuwa kubwa zaidi. Bali wote wawili walisaidiwa, na hapana fungu lililofikia 100. Basi kwa sisi ambao upasuaji huo uko mbali na ni wa fedha nyingi, ni busara kuanza na mazoezi na kuyashika kwa bidii miezi mitatu. Na asiyepata nafuu baada ya hapo ndipo aulize habari za kisu.

Akina mama nao wana fungu lao. Mke wangu aliumwa mwaka mzima upande wa nje wa nyonga, juu ya mfupa ule utokezao. Usiku hakuweza kulalia ubavu huo. Mara nyingi haya ni maumivu ya kano za misuli ya matako, nayo huwapata zaidi wanawake waliopita miaka 40. Mwaka 2018 Waaustralia walitangaza habari za wagonjwa 204 wa namna hii. Baada ya wiki 8, katika kila 100 waliofundishwa na kufanya mazoezi, 77 walisema wamepata nafuu kubwa. Katika waliopigwa sindano ya kotizoni, 58. Na katika wale waliongoja tu, 29. Na mafundisho yenyewe yalikuwa nini? Mengine ni mambo ya nyumbani kabisa: usisimame ukiegemea nyonga moja, usikae umepandisha mguu juu ya mguu, ukilala ubavu weka mto katikati ya magoti. Mke wangu alikumbuka jinsi alivyombeba mjukuu wetu kila siku ubavuni, nyonga ile ile moja, huku akikoroga uji kwa mkono wa pili. Siku hizi humfunga mgongoni kwa kanga, naye husema kuwa uji haujaharibika.

Sasa, mazoezi yenyewe ni yapi? Kila mtu apimwe na kupewa yake, lakini nitaeleza machache ili msiyaogope.

La kwanza ni kubana. Lala chali, kunja magoti, weka mpira katikati ya magoti. Ukikosa mpira, kunja shuka nene. Bana, hesabu mpaka 30 polepole, legeza, pumzika. Wale wa Denmaki walifanya hivyo mara kumi, kisha wakafanya tena mpira ukiwa kati ya miguu iliyonyoshwa.

La pili ni kuinua kiuno. Lala chali, magoti yamekunjwa, nyayo chini. Inua matako polepole mpaka mwili unyoke toka mabegani hadi magotini, ngoja kidogo, shuka polepole.

La tatu ni kuinua mguu hali umelala ubavu. Kwanza mguu wa juu, kisha ugeuke na kuinua ule wa chini. Hapa misuli ya nje na ya ndani hupata kazi zote mbili.

La nne ni kusimama kwa mguu mmoja karibu na ukuta, kiuno kisianguke upande. Watoto watawacheka, waacheni wacheke, kisha waambieni nao wajaribu.

Siku za kwanza fanyeni machache. Kipimo chake ni hiki: uchungu mdogo wakati wa zoezi waweza kuvumiliwa, walakini ukizidi, au ukibaki mpaka kesho yake asubuhi, jua ya kuwa ulizidisha, punguza, usiache. Wakati huo huo upunguze mambo yanayochokoza: pandisha kiti cha baiskeli, kaa kwenye kiti kirefu badala ya kigoda, na kama ni jembe, lima kidogo kidogo ukinyoka mara kwa mara, usilime tangu alfajiri hata adhuhuri umeinama.

Walimu wenye kuongoza mpira shuleni nawaambia neno la ziada. Kuzuia ni rahisi kuliko kuponya. Mwaka 2019 Wanorwei walitoa habari za timu 35, wachezaji 652. Timu zilizopewa zoezi moja tu la kuitia nguvu misuli ya ndani ya paja zilikuwa na hatari ya shida za kinena pungufu kwa sehemu 41 katika 100. Zoezi hilo halitaki chombo: mchezaji hulala ubavu akiegemea kiwiko, mwenzake humshika mguu wa juu, naye huinua mwili na kuufikisha mguu wa chini karibu na ule wa juu. Wakati wa mashindano walilifanya mara moja kwa wiki. Kwa wasioliweza, liko jepesi zaidi, la kuinua mguu wa chini tu. Haya ni ya wachezaji wazima. Mwenye maumivu asianze na hili.

Tafadhali yasomeni kwa makini maneno yafuatayo, maana si kila maumivu ya nyonga ni ya kutibiwa kwa mazoezi. Mengine hayangoji.

Mtoto achechemeaye ghafula, au akataaye kukanyaga, naye ana homa, apelekwe hospitali siku ile ile, maana usaha waweza kuwa ndani ya kiungo, na siku mbili zaweza kukiharibu kwa maisha yote. Mtoto au kijana achechemeaye bila homa naye apimwe upesi. Tena jueni ya kuwa mara nyingi ugonjwa wa nyonga ya mtoto humfanya alalamike goti. Msimpake dawa gotini mkaacha nyonga.

Mwenye ugonjwa wa selimundu akiumwa nyonga siku nyingi, asidhani ni maumivu yake ya kawaida tu. Kichwa cha mfupa wa paja chaweza kufa kwa kukosa damu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na ugonjwa huo, basi nyumba nyingi zalihitaji neno hili.

Mwenye kukonda, kutoka jasho usiku, na kuumwa hata akipumzika, apimwe, pamoja na kifua kikuu, maana ugonjwa huo huweza kukaa katika kiungo. Mwenye uvimbe wa ngiri ulio mgumu, wenye uchungu, usiorudi ndani, naye anatapika, apelekwe saa ile ile. Mzee aliyeanguka asiweze kukanyaga, na mkimbiaji aumwaye ndani ya kinena kila akanyagapo, na maumivu yazidi siku hata siku, waache kukanyaga mguu huo kwa nguvu mpaka wapigwe picha, maana mfupa waweza kuwa umepasuka.

Nilisema nitaumaliza usimulizi wa kijana wetu. Mke wangu ndiye aliyemwambia aende hospitali ya wilaya kwa yule mama aliyemtibu yeye. Watu wa kazi hii huitwa wataalamu wa fiziotherapia. Kwetu Tanzania wengine hufundishwa Moshi, KCMC, na Kenya hufundishwa katika vyuo vya KMTC. Watu wengi hudhani kazi yao ni kusugua wagonjwa wa kiharusi tu. Kijana akaenda na karatasi yake mkononi. Mama yule akaisoma, akaiweka mezani, akamlaza kitandani. Akamgeuza mguu huku na huku, hakikuuma kitu. Kisha akambonyeza ndani ya paja, penye kano.

"Je, Mwalimu, ni hapa?"

"Ndipo hapo hapo, Mama."

"Haya, bana ngumi yangu kwa magoti yako."

Akabana, akapiga kelele.

"Basi, Mwalimu, picha ilitazama nyonga, na ugonjwa wako umekaa kwenye kano hizi. Ule mchaniko yamkini ulikuwa nao hata kabla ya kuumwa. Ulilala, misuli ikadhoofu; ukarudi kucheza, misuli dhaifu ikashindwa. Sasa tutaifundisha kazi upya, kidogo kidogo."

Akampa mazoezi ya kuanzia, akamwandikia siku, akamkataza mpira. Wiki ya pili kijana alikuja kwangu akinung'unika kuwa haoni kitu. Wiki ya tano alikuja kwa baiskeli. Mwezi wa tatu alikuwa akikimbia polepole kuzunguka uwanja, na mwezi wa tano akacheza nusu ya mchezo na wanafunzi wake. Hata leo akizidisha husikia mvuto kidogo, naye hurudia mpira wake wa kubana kwa siku chache, ukaisha. Arusi ilifungwa mwaka huo huo. Lakini yule ng'ombe aliyeuzwa hakurudi zizini, na wazee wa upande wa pili walikubali kungoja mpaka amtafute mwingine.

Nilimwuliza, "Mwanangu, kama ungaliambiwa mapema, ungalifanyaje?" Akanijibu, "Baba, ningalionyesha tu mahali panaponiuma."

Basi, wasomaji wangu, mwenye kuumwa nyumbani mwenu asicheke wala asichekwe. Mwulizeni kwa upole, baba kwa mwanawe, mama kwa bintiye, mume kwa mkewe. Apimwe kwa mikono kabla ya kuuza mali kwa ajili ya picha. Akipewa mazoezi, msaidieni kuyakumbuka. Mkiweza, lalani chini mfanye naye, maana kazi ya wengi haichoshi. Na asipoona nafuu wiki ya kwanza, msimwache arudi kitandani.

Mwezi ujao, tukijaliwa, nitasema habari za mgongo wa wapandao baiskeli. Wasalaam.